Nyanya anaenda New York: Hesabu ya saa isikupotoshe

Binti amejifungua New York na mamake ameitwa akamsaidie kulea. Viza imetoka, tiketi imekatwa. Jioni jamaa wanaketi kuisoma: ndege itaondoka Nairobi saa tano usiku na kutua saa kumi na mbili asubuhi. Kumbe ni saa saba tu!

La. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Majira ya baridi, New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Kati ya Machi na mwanzo wa Novemba huwa saa saba, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele. Ikiwa ni Januari, ongeza nane kwa zile saba: nyanya atakaa hewani saa 15.

Umbali wenyewe ni karibu kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018. Kurudi huwa kama saa 14, kwani pepo kali za juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Kupitia Dubai huenda kukawa nafuu, lakini hizo ni saa tano hivi hadi Dubai na 14 hivi hadi New York, kungojea kando. Kijana atavumilia. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye magoti mabovu, heri kuongeza pesa.

Linalosahaulika zaidi ni dawa. Tuseme nyanya humeza tembe ya presha kila saa moja asubuhi. Siku ya safari amemeza nyumbani. Akingoja saa moja asubuhi ya New York, zitakuwa zimepita saa 32 badala ya 24. Akifuata saa ya Nairobi, atakuwa akiamshwa saa tano usiku ameze. Daktari wake ndiye wa kupanga mabadiliko hayo, hasa kwa anayedunga insulini, na aulizwe mapema, si siku ya kufunga mizigo. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari.

Kuna miguu pia. Shirika la Afya Duniani linasema kukaa bila kusogea safarini kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda mishipani karibu maradufu. Mkatieni kiti cha kando ya njia, ainuke mara kwa mara bila kuomba radhi kwa jirani, na anywe maji. Kiti cha magurudumu huagizwa mapema. Akina nyanya wengi hukikataa kwa haya, basi mbembelezeni.

Akitua saa kumi na mbili asubuhi, Nairobi ni saa nane mchana. Kuna foleni ya pasipoti na mizigo ya kuchukua. Simu yake isipopatikana hadi saa kumi, msianze kulia.