Sentimita Moja ya Butembo na Beni

Kwenye ramani ya Michelin namba 746, inayochora Afrika ya kati na kusini kwa kipimo cha 1:4,000,000, miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaachana kwa sentimita moja na ushei. Kwa barabara ni kilomita 54. Dereva wa lori la mbao hapangi safari yake kwa kipimo chochote kati ya hivyo. Kabla ya kuwasha gari anauliza kama mvua ilinyesha usiku, bariera ya mvua, ile inayozuia malori barabara ikiwa imelowa, itafunguliwa saa ngapi, na lile lori lililozama jana limeshanasuliwa au bado.

Michelin waliyajua maswali ya namna hiyo. Kampuni hiyo ya matairi ilianza kuwachapishia ramani wenye magari wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na zile za Afrika zikatofautisha lami, udongo na njia zinazofungwa na masika. Kwangu mimi huo ni ufundi mkubwa kuliko kuchora mstari wenyewe. Ila karatasi huchapwa mara moja. Barabara ya Taifa Namba 4, kutoka Kisangani hadi Beni, iliendelea kuonekana ramanini hata vita na kukosa matengenezo vilipoiacha imezwe na msitu, baiskeli za mizigo zikisukumwa pasipopita gari.

Leo, badala ya karatasi, simu zetu zinatafuta njia kwa hesabu yenye asili yake kwa Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeibuni mwaka 1956. Kila kipande cha barabara hupewa namba, yaani gharama yake. Hesabu huanzia ulipo na kusonga kipande kwa kipande, ikitangulia daima penye jumla ndogo, hadi ifike uendako. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa huwa kwenye namba tunazoipa. Ipe kilomita tu, itakutoa Butembo hadi Goma kwa Lubero, Kanyabayonga na Rutshuru. Lakini waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga Juni 2024, na Goma Januari 2025, na wasafiri wengi wamelazimika kuzunguka Uganda: Kasindi, Kasese, hadi Bunagana. Ukiweka saa, ushuru na usalama wa roho mahali pa kilomita, mzunguko huo ndio unaotoka mfupi.

Namba za namna hiyo zinakusanyika. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilitoa ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, na kuhesabu 798. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina karibu na Beni, watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, walichora nyumba na vijia kutoka picha za setilaiti ili wahudumu wa afya wavifikie vijiji.

Ramani hiyo hiyo ina nafasi ya kuandika kama njia ni ya lami au udongo, na kama inahitaji gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Madereva wanaoingia Butembo alfajiri wanayo majibu ya kuzijaza nafasi hizo. Si yote ya kutangazwa: saa za misafara inayosindikizwa na jeshi kuelekea Komanda zikianikwa, washambuliaji nao watazisoma. Tope, daraja lililobomoka na mlima usiopandika baada ya mvua viandikwe, pamoja na tarehe vilipoonekana.