Spidomita mpya ya pikipiki: Kilomita za zamani ziende wapi?

PIKIPIKI iliyofanya biashara ya bodaboda kwa miaka miwili kati ya Kariakoo, Ilala na Posta haiwezi kuwa na kilomita sifuri. Hata hivyo, ndivyo inavyosomeka mara tu spidomita iliyoharibika inapoondolewa na kufungwa nyingine mpya, iliyonunuliwa katika maduka ya vipuri ya Gerezani. Namba hizo, ambazo wengi hawazitazami mpaka siku ya kuuza, ndizo zinazoonyesha lini oili ibadilishwe, na ndizo ambazo mnunuzi huziangalia kwanza kabla ya kutaja bei.

Kwa sababu hiyo, mteja anayemwomba fundi "aweke kilomita" katika spidomita mpya si lazima awe na hila. Kurekebisha namba ili zilingane na zile zilizokuwapo ni jambo la busara. Kuzishusha ili pikipiki ionekane haijatumika sana ni udanganyifu. Kazi ya mikono ni ileile. Tofauti iko katika namba inayowekwa na katika karatasi inayobaki baada ya kazi.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, hata hivyo, inafaa kuthibitisha kwamba spidomita ndiyo iliyokufa. Katika pikipiki nyingi zinazotumia mshale, mwendo huchukuliwa na gia ndogo iliyo kwenye gurudumu la mbele na kupelekwa juu kwa kebo inayozunguka. Kebo hiyo hukatika, na gia yake, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, husagika. Fundi makini huichomoa kebo upande wa juu, akainua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Kebo isipozunguka, ubovu uko chini, na kununua spidomita ni kupoteza fedha.

Ndani ya spidomita, kebo huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe cha alumini. Sumaku hukivuta kikombe bila kukigusa, na springi nyembamba hukizuia, hivyo mshale husimama mahali panapolingana na mwendo. Mhimili huohuo wa sumaku huendesha gia zinazosukuma magurudumu madogo ya namba. Ndiyo maana mshale unaweza kufa huku kilomita zikiendelea kuhesabiwa, au kinyume chake.

Jambo linalosahaulika sana wakati wa kununua ni uwiano. Spidomita nyingi za pikipiki huandikwa 1:1000 au 1:1400 usoni au nyuma, maana yake kebo huzunguka mara 1,000 au mara 1,400 kwa kila kilomita moja. Spidomita mbili zinaweza kufanana kwa umbo, kwa skrubu na kwa tundu la kebo, zikatofautiana katika namba hiyo. Spidomita ya 1:1400 ikifungwa kwenye gurudumu lenye gia ya 1:1000, dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa ataona mshale kwenye 43 hivi. Katika maeneo ya makazi, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa, atajiona mtii wa sheria hadi tochi ya trafiki imwonyeshe vinginevyo. Ikiwa kinyume chake, kila kilomita 10 zitahesabiwa kuwa 14, na pikipiki itazeeka kwenye kioo kuliko barabarani. Hakuna marekebisho ya namba yatakayodumu kuwa sahihi ikiwa uwiano umekosewa.

Uwiano ukishalingana, linabaki suala la namba zenyewe. Wapo wanaodhani kwamba inatosha kuizungusha spidomita mpya kwa mashine ya kutobolea hadi ifike inapotakiwa. Hesabu inawakatalia. Kwa uwiano wa 1:1400, mashine inayozunguka mara 1,400 kwa dakika ni sawa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kufikisha kilomita 23,000 kungehitaji zaidi ya saa 380, yaani siku 16 usiku na mchana. Mafundi, kwa hiyo, huifungua spidomita, huondoa gia ndogo zinazounganisha magurudumu ya namba, hupanga tarakimu moja baada ya nyingine na kurudisha kila kitu mahali pake. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu. Springi ya mshale ikiguswa, mwendo hautasomeka sawasawa tena.

Kwa spidomita za kidijitali hakuna gurudumu la kusogeza. Kilomita huhifadhiwa katika kipande kidogo cha kumbukumbu, na fundi wa elektroniki huzisoma na kuziandika upya kwa kompyuta au huhamisha kipande hicho kutoka spidomita ya zamani. Urahisi huo una ubaya wake: namba iliyoandikwa kwa kompyuta haiachi mkwaruzo.

Ipo njia nyingine isiyohitaji kufungua chochote, na kwa wamiliki wengi ndiyo bora. Spidomita mpya huachwa ianze sifuri, na kwenye daftari la pikipiki huandikwa tarehe, namba ya chesesi, kilomita zilizosomeka kwenye spidomita ya zamani na jina la fundi. Kama ya zamani ilisimama kwenye 38,450, matengenezo huhesabiwa kwa kuongeza kiasi hicho. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1972 inaelekeza jambo la namna hiyo kwa magari: namba ya zamani irudishwe, na ikishindikana spidomita ianze sifuri na maelezo ya maandishi yabandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto.

Hapa nchini kadi ya usajili hutaja namba ya chesesi na ya injini, na risiti ya EFD huonyesha kifaa na bei yake. Kilomita hazimo. Karatasi ya fundi, hata iwe ya kuandikwa kwa mkono, ndiyo ushahidi pekee wa mmiliki mwaminifu. Anayeshusha kilomita kisha akauza kwa bei ya juu anaweza kukabiliwa na kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu, ambacho adhabu yake hufikia kifungo cha miaka saba.

Wanaoumia zaidi ni vijana wanaochukua pikipiki iliyotumika kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa tajiri kila siku hadi iwe mali yao. Akipewa pikipiki inayosomeka kilomita 12,000 wakati imekwenda 90,000, kijana huyo atafikia siku ya kumilikishwa akiwa tayari anadaiwa pistoni, klachi na mnyororo.

Hata pasipokuwa na hila, namba tano zina mwisho wake. Bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufika 99,999 katika muda wa miaka mitatu na miezi michache, kisha hurudi kwenye sifuri yenyewe. Mnunuzi, kwa hiyo, hutazama vitu vingine pia: mpira wa pedali uliolika, tundu la ufunguo lililolegea, meno ya sproketi yaliyochongoka. Kwenye spidomita yenyewe huangalia kama skrubu zina mikwaruzo, kama kioo kimewahi kubanduliwa, na kama tarakimu zimekaa kwenye mstari mmoja. Tarakimu moja iliyopanda juu ya wenzake ni sababu ya kutosha kumwomba muuzaji ile karatasi ya fundi.