Fahamu: Paladini achanganywe na taaluma gani?
Katika Dungeons & Dragons, paladini ni shujaa wa kiapo: anapigana, anaponya, anawakinga wenzake. Kanuni humruhusu kuchukua ngazi za taaluma nyingine, mradi alama zake za Nguvu na Haiba zifike 13 na atimize sharti la taaluma anayoiendea.

Haiba ndiyo ya kuangalia kwanza. Mchawi wa mkataba huitegemea pia, na katika kitabu cha kanuni cha 2024 ngazi yake moja tu yatosha kumpa paladini silaha anayoipigia kwa Haiba badala ya Nguvu. Mchawi wa kuzaliwa humwongezea nafasi za uganga. Zamani wachezaji walizimaliza nafasi hizo kwa mapigo matakatifu ya paladini mfululizo; sasa pigo hilo ni mara moja kwa zamu, kwa hiyo mchanganyiko huo umepungua makali.

Ila usihame mapema. Ngazi ya 5 ya paladini huleta shambulio la pili. Ya 6 huleta kinga: wenzako walio ndani ya futi 10 huongezewa nyongeza yako ya Haiba kila wanapojaribu kuepa madhara, iwe sumu, moto au hofu. Nisingeiacha hiyo kwa lolote, maana kundi zima hunufaika nayo.