Mtoto Hatumwi Pombe

Katika baadhi ya sehemu za Uganda, waragi, yaani pombe ya kienyeji ya kuchemshwa, ikiwa kali kupita kiasi huitwa kasese, na mgeni alisikiapo jina hilo hudhani anatajiwa mji ulio chini ya milima ya Rwenzori, kumbe anakaribishwa kinywaji. Si fahari kwa mji wowote kuwa wajina wa ulevi. Na wilayani Kasese, kutoka Hima, penye kiwanda cha saruji, hata Bwera, mpakani mwa Kongo, lipo swali linalowapasa wazazi wote: mtoto hufundishwa na nani kunywa?

Tutazame kwanza pombe itokako. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama, yakalala hata yakawa tonto. Tonto hiyo ikizidi kuchacha na kuchemshwa katika pipa, mvuke wake ukapita ndani ya mrija uliozamishwa katika maji baridi, hudondoka tone baada ya tone waragi iliyo safi machoni kama maji ya chemchemi. Mwenye pipa aghalabu ni mama, na akipatacho hulipa karo. Hapo ndipo penye mtihani: pipa limpelekalo mtoto mmoja shuleni ndilo limtoalo mwenzake.

Serikali haikulala. Tangu miaka ya 1960 sheria ilikataza kuchemsha waragi bila ya leseni, na asiyetimiza miaka 18 hapaswi kuuziwa pombe. Mwaka 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani vifuko vidogo vya pombe kali, na mwaka 2019 Uganda ikafanya vivyo hivyo, kwani kiroba kilinunuliwa kwa shilingi chache na kikafichika ndani ya mfuko wa sare ya shule. Na aliyedhani kwamba hatari ni maneno ya wahubiri tu alipata jibu mwezi wa Aprili 2010, wilayani Kabale nchini Uganda, ambako waragi iliyoghushiwa kwa methanoli, sumu ipofuayo macho kabla ya kuua, iliangamiza watu wapatao 80.

Walakini sheria hukomea mlangoni mwa duka, sebuleni haiingii. Mtoto hakutani na pombe kwanza katika baa, bali njiani, saa ya magharibi, mkononi ana chupa tupu ya soda na noti iliyokunjwa, ametumwa na mzazi wake. Siku ya kwanza hunusa, siku ya pili hulamba kizibo, siku ya tatu humeza funda moja na kuongeza maji ili upungufu usijulikane. Harusini huachiwa masazo ya tonto, na akipepesuka wakubwa hucheka. Nao wataalamu wa tiba wanakubaliana kwamba ubongo wa kijana huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, na kwamba aanzaye kunywa angali mdogo hunaswa na uraibu kwa wepesi zaidi.

Basi muuzaji na amrudishe mtoto mikono mitupu, ajapodai ametumwa. Mama wa pipa asaidiwe kuuza ndizi na kahawa yake kwa bei ya haki. Na mlevi anayetaka kuacha apokewe kwa heshima, asisimangwe. Nawe baba, kiu ikikushika jioni ya leo, mwache mtoto na daftari lake, uvae viatu uende mwenyewe.