Kubomoa Ukuta wa Kijidudu

Ndugu, mmeona kidonda kisichosikia dawa? Mgonjwa anapigwa sindano, lakini usaha hauishi. Vijidudu vyake vimezoea dawa.

Mwaka 1921, katika London, munganga Alexander Fleming aliona kwamba kamasi ya pua huua vijidudu. Machozi, mate na ute mweupe wa yai nayo yana nguvu hiyo. Kitu kinachoua huitwa lisozimu, nacho ni kimeng'enya. Kazi yake ni kubomoa ukuta wa kijidudu. Nyumba ya udongo ikibomolewa kuta huanguka. Kijidudu nacho hupasuka.

Lakini msitie mate katika kidonda! Mate yana vijidudu vingine, na lisozimu haishindi vyote.

Wenye elimu walipata vimeng'enya vikali zaidi katika virusi vinavyoshambulia vijidudu. Mwaka 2001, katika New York, Vincent Fischetti na wenzake waliviua kwavyo vijidudu vya koo katika panya. Lakini mwaka 2022 jaribio kubwa la exebacase, kwa watu wenye vijidudu katika damu, lilisimamishwa. Walioongezewa dawa hiyo hawakuonekana kupona kupita wengine. Kazi ingali mbele.

Basi tulinde dawa tulizo nazo:

1. Usinunue vidonge viwili vitatu sokoni.
2. Maliza dawa kama ulivyoagizwa, hata ukijisikia mzima.
3. Usimpe jirani dawa yako.
4. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda.

Dawa ikiharibiwa na mmoja, watoto wa kijiji chote wataikosa.