MWENYE HOMA ASIPANDE MKARAFUU

Ndugu Wanachama,

Kila vuno likifika twawaona wachumaji wakipanda mikarafuu na homa mwilini. Mtu hulala dagoni usiku kucha akitetemeka, na alfajiri huchukua pakacha lake akaenda zake, maana malipo ni kwa pishi na asiyechuma hapati kitu. Nasi wenye mashamba hunyamaza, kwani karafuu ikichanua mtini imeharibika. Leo twapenda kueleza hatari ya jambo hili.

Si kila homa ni malaria. Nyingine huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno. Mwaka 1948 wataalamu wawili wa Marekani, Gilbert Dalldorf na Grace Sickles, walieleza virusi walivyovipata kwa watoto wa mji wa Coxsackie, jimbo la New York, navyo vikaitwa kwa jina la mji huo. Virusi vya jamii hii huingia zaidi kwa kinywa, kutokana na mikono iliyochafuliwa na choo. Hukaa kooni na matumboni, na pengine hufuata damu mpaka katika nyama ya moyo. Virusi vya mafua makali na vya UVIKO-19 navyo huweza kuudhuru moyo.

Walio wengi hupona wasijue hata kwamba moyo uliguswa. Lakini kwa baadhi yao nyama ya moyo huharibika, moyo hutanuka na kulegea, na nguvu ya kusukuma damu hupungua. Wengine hufa ghafla.

Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio lao. Panya waliotiwa virusi vya Coxsackie walilazimishwa kuogelea. Mioyo yao ikaonekana ina virusi vingi zaidi, na imeharibika zaidi, kuliko ya wenzao waliopumzika. Panya si binadamu, lakini madaktari nao humkataza mgonjwa wa maradhi haya kazi nzito, mara nyingi kwa miezi 3 hata 6.

Basi mwenye homa asipande mti. Kwanza apimwe damu. Ikiwa si malaria wala bakteria, asijinunulie dawa za kuua bakteria, maana haziui virusi. Na ikiwa baada ya homa kifua chamuuma, moyo wamwenda mbio naye amekaa tu, pumzi yamkatika akilala, miguu yavimba, au amezimia, apelekwe hospitali siku ile ile. Dagoni nako pasikose choo, maji safi na sabuni.

Twawaomba wanachama wampe mchumaji mgonjwa chakula chake na mahali pa kulala mpaka apate nafuu, wala wasimfukuze. Karafuu zilizochanua ni hasara ya vuno moja. Mchumaji akiharibikiwa na moyo, hasara ni ya watoto wake.

Wassalaam,
Katibu