Kabla ya Kuuza Redio ya Babu kwa Kilo



Mnunuzi wa vyuma chakavu alipobisha hodi mlangoni petu, wiki chache kabla ya Ramadhani, tulikuwa tumekwisha kumtayarishia mzigo wake. Stoo ilikuwa imefagiliwa. Ukumbini tulipanga amplifaya ya zamani iliyokuwa imefunikwa kwa leso, spika mbili za mbao, redio kaseti yenye mkono uliovunjika, na simu mbili zenye vioo vilivyopasuka. Mzani ulikuwa umekwisha kutolewa. Ndipo bibi yetu, aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi yake, alipouliza kwa upole: "Na zile kanda za babu yenu, wanangu, mtazisikilizia wapi?"

Hatukuwa na jawabu. Ndani ya bati la biskuti zilikuwamo kanda kumi na nne: darsa za Ramadhani alizosomesha marehemu, maulidi ya nyumbani, na kisomo chake cha Suratu Yasin. Hakuna mashine nyingine nyumbani iliyoweza kuzisoma ila ile iliyokuwa karibu kupimwa kwa kilo. Tulimwomba radhi mnunuzi, naye akaenda zake na mabati matupu. Makala haya yametokana na swali lile la bibi, na tunayaandika kwa sababu tunaamini kwamba bati la namna hiyo lipo katika nyumba nyingi za Pwani.

Hazina iliyo kabatini

Wengi wetu tumezoea kusikiliza Qur'ani, mawaidha na qasida kupitia spika ya simu. Spika hiyo ni ndogo mno. Haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito, na sauti ya msomaji husikika kama inayotoka ndani ya kopo. Spika ya mbao yenye duara la inchi sita au nane huifanya kazi hiyo bila taabu. Mtu aliyezoea kumsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kwenye simu, kisha akamsikia katika spika kama hizo, atatambua pumzi zake, madda zake na namna kila herufi inavyotoka mahali pake. Kisomo chake kamili cha Qur'ani kilirekodiwa nchini Misri mwaka 1961; miaka yote hiyo sauti ile imebaki nzuri, na mara nyingi upungufu uko katika vyombo vyetu vya kuisikilizia.

Simu ya zamani nayo haijafa kwa kupasuka kioo. Kile kisehemu kinachogeuza faili kuwa mawimbi ya sauti bado ni kizima, na kinatosha kabisa kuilisha amplifaya. Kinachokosekana ni waya mmoja tu: upande mmoja una pini ya kuingia katika tundu la vipokea sauti vya simu, na upande wa pili una vichwa viwili, chekundu na cheupe. Waya huo hupatikana kwa fundi yeyote wa redio, na bei yake haimtishi mtu.

Namna tulivyounganisha

Kwanza tuliifuta simu yote, tukairudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na tukaondoa laini. Hili ni jambo la lazima. Simu ambayo haipokei tena masasisho ya usalama haifai kuwekwa akaunti ya benki wala ya kutuma pesa. Kazi yake sasa ni moja, kutoa sauti.

Pili, tulichomeka vile vichwa viwili nyuma ya amplifaya, mahali palipoandikwa AUX. Palipoandikwa CD au TAPE pia panafaa. Pasipofaa ni palipoandikwa PHONO, kwani hapo ni pa santuri, na sauti ya simu ikipitia hapo hukwaruza na kuumiza masikio.

Tatu, tulipandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, kisha tukaipima kwa kitufe cha amplifaya. Tukazima pia milio yote ya arifa, ili kisomo kisikatizwe na kengele ya ujumbe.

Wenye redio kaseti isiyo na tundu la AUX wasikate tamaa. Ipo kanda bandia yenye mkia wa waya: kanda huingizwa katika redio, na waya ukachomekwa katika simu. Ipo pia njia ya Bluetooth, kwa kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye amplifaya. Njia hii ni rahisi, lakini sauti hubanwa tena njiani. Anayetaka sauti safi kabisa atumie waya.

Suala la bando

Baba mwenye nyumba huuliza mapema: bando litatosha? Sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa. Kiwango cha 320 hutumia takriban megabaiti 144. Sauti isiyobanwa, kama ile ya diski ya CD, hufikia takriban megabaiti 635 kwa saa. Kwa mawaidha na darsa, kiwango cha chini kinatosha. Kwa kisomo cha tajwidi, au kwa anayesikiliza fidla na kanuni za taarabu ya zamani, kiwango cha juu kina faida inayosikika. (Kuhusu ala za muziki wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani, na kila familia inamjua sheikh wake wa kumuuliza.)

Iko njia nafuu zaidi. Kompyuta kuukuu ya nyumbani inaweza kuwekwa faili zote, na simu ikazisoma kupitia waifai ya nyumbani kwa programu ya bure kama VLC. Faili likitoka chumba kimoja kwenda kingine halipiti katika intaneti, kwa hiyo halili bando hata kidogo. Intaneti ikikatika jioni nzima, kisomo kinaendelea.

Kanda zina ajali yake

Hapa ndipo penye haraka. Kanda ni utando wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Joto na unyevu wa Pwani huula, na ukungu huota juu yake. Tulimpelekea fundi ile redio kaseti kwanza, akabadilisha mkanda wa mpira uliolegea na kusafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Kisha tuliunganisha tundu lake la vipokea sauti na tundu la maikrofoni la kompyuta, tukarekodi kwa programu ya Audacity, ambayo pia ni ya bure.

Kazi hii haina njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, nusu saa kila upande, na lazima mtu awepo. Kabla ya kuicheza, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kanda, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya akaifuta. Izungushe hadi mwisho na kuirudisha mara moja, ili utando ulegee. Weka nakala mbili au tatu mahali tofauti, na uandike jina la msomaji, mahali na mwaka, maadamu yupo anayekumbuka.

Kati ya kanda zetu kumi na nne, kumi na moja ziliokoka. Mbili zilikuwa zimeganda kwa ukungu. Moja tuliifuta wenyewe zamani, tulipokuwa watoto, kwa kurekodi matangazo ya mpira juu ya darsa. Hilo halina dawa.

Tahadhari

Simu iliyochomekwa kwenye chaja usiku na mchana hupata joto, na betri yake inaweza kuvimba. Ichaji kwa muda, kisha uichomoe. Isiwekwe juu ya godoro wala karibu na pazia. Betri iliyovimba isitobolewe kamwe. Amplifaya iliyokaa miaka bila kuwashwa ikaguliwe na fundi kwanza, kwani chumvi ya bahari hutafuna viungo vya nyaya. Wala mtu asiifungue mwenyewe: ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Na kilichokufa kabisa kisichomwe jaani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Moshi wa nyaya zinazochomwa ili kupata shaba huvutwa na watoto wa mtaani kwetu. Dini yetu imetukataza israfu, na kutupa kinachofaa ni israfu.

Adabu ya chombo

Sauti nzuri isitufanye tukasahau jirani. Kisomo hakiwekwi kikawa kelele ya nyuma huku watu wakicheka na kugombana, kikisomwa, husikilizwa. Adhana ikilia, chombo huzimwa. Nyumbani kwetu tumechagua muda mmoja, baina ya Magharibi na Isha, na simu zote za mkononi huwekwa juu ya kabati. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza. Sasa hugombania zamu ya kuwasha.

Usiku wa kwanza tulipoisikiliza darsa ya babu katika zile spika za mbao, bibi alikaa kimya muda mrefu. Katikati ya somo babu alikohoa, akaita aletewe maji. Sauti ya mwanamke kijana ikajibu kwa mbali, "Labeka, naja." Tulitazamana, hakuna aliyeitambua. Bibi akaziweka tasbihi mapajani.

"Huyo ni mimi," akasema.

Ndugu wasomaji, kabla mzani haujatolewa, fungueni kwanza lile bati la biskuti, na muwaulize wazee wenu kilichomo maadamu wako hai. Wabillahi tawfiq.